Maji ya Wapi Haya?

Shemeji yangu wa Pangani alipiga simu usiku wa Jumapili kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. Hakusalimia. "Shem, injini imetoa maziwa."

Kwa asiyekaa gereji, maziwa hapo ni rangi. Unachomoa stiki ya oili ukitarajia weusi uliouzoea, kinakuja kitu kizito chenye povu, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi na majani machache. Maana yake maji yamepita mahali yalipokatazwa. Boti ya shemeji ni ya mbao. Injini yake ya dizeli, silinda nne, imekaa ndani, chini ya sakafu, na kazi yake ni kupeleka wageni kwenye fungu la Maziwe na kuwarudisha kabla maji hayajajaa. Fundi wa hapo kwao alikuwa ameshaitazama stiki na hukumu ilishatoka: gasketi ya hedi imekwisha, hedi ifunguliwe, ipelekwe Tanga mjini ikachongwe. Bei aliyotajiwa ilimkosesha usingizi.

Hakunipigia kwa sababu najua injini. Alinipigia kwa sababu naishi Arusha, na watu wa pwani wana imani kwamba huku kila nyumba ya tatu ina fundi dizeli.

Imani hiyo haiko mbali sana na ukweli. Mji wetu hauna bahari. Ziwa Duluti pale Tengeru watu wanalizunguka kwa mtumbwi na kasia, na Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha ni vivyo hivyo. Lakini huu ndio mji yanakoondokea magari ya watalii kwenda Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na ndiko yanakorudi yamebeba kila ugonjwa ambao vumbi, matope na miinuko vinaweza kuuambukiza mtambo. Maji kwenye oili ni mmoja wao, na wa zamani. Kesho yake asubuhi nilikuwa Unga Limited kwa mzee mmoja aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa. Simu nikaiweka spika juu ya bampa la Landkruza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tangu imetoa maziwa umeiwasha tena?"

"Mara moja tu, kuhakikisha."

Mzee akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Usihakikishe tena. Sasa niambie, maji ya wapi hayo?"

Shemeji akacheka kidogo, akidhani ni utani. Maji ya wapi? Si maji tu? Mzee hakucheka, na swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sisi sote tulikuwa tumekwama kwenye swali la kama maji yapo. Kwake hilo lilikuwa limeshajibiwa na stiki, na halikuwa na faida tena. Maji hayazaliwi ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Yametoka mahali, yamepita njia, na njia hiyo ndiyo gharama.

Injini ya boti kama ya shemeji ina maji ya aina mbili. Ya kwanza ni ya ndani, yenye kulanti, yanayozunguka kwenye bloku na hedi bila kutoka, kama kwenye gari. Ya pili ni ya bahari: pampu inayavuta kutoka chini ya boti, yanapita kwenye kipozeo ambako yanayapoza yale ya ndani bila kugusana nayo, kisha yanatupwa kwenye ekzosti na kutoka nyuma pamoja na moshi. Gasketi ya hedi iko mpakani mwa oili na maji ya ndani. Kwa hiyo mzee aliuliza: tangi dogo la kulanti limepungua?

"Halijapungua. Liko palepale kwenye alama."

"Na oili kwenye stiki imepanda?"

"Imepanda, mzee. Vidole viwili juu ya alama."

Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, lakini hakuna aliyeifanya pale Pangani. Kilichoongezeka kwenye sampu ni kama lita mbili. Kama maji ya ndani hayajapungua hata kikombe, lita mbili hizo hazikutoka kwake. Zimetoka baharini. Na gasketi ya hedi, mshitakiwa wa kwanza, haina mlango wa kuingizia bahari. Hedi ya shemeji ilinusurika hapohapo, juu ya bampa la gari la mtu mwingine, umbali wa siku nzima ya basi.

Swali la tatu lilichelewa kujibiwa. Kabla ya hapo, injini ilikuwa inawaka kwa shida? Kimya. Kisha shemeji akaeleza. Tangu Alhamisi filta ya dizeli ilikuwa imebadilishwa, hewa ikaingia kwenye mipira, injini ikakataa kuwaka. Alipiga stata. Akapumzika, akapiga tena. Betri ikalala, akaazima ya jirani, akaendelea. Bomba la kuingizia maji ya bahari lilikuwa wazi muda wote huo? Ndiyo, sasa atalifunga kwa nini?

Hapo mzee akanigeukia mimi, si simu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ameinywesha mwenyewe."

Pampu ya maji ya bahari inazungushwa na injini. Kila unapopiga stata, hata kama injini haijawaka, pampu nayo inazunguka na kusukuma maji kwenye ekzosti. Injini ikiwaka, moshi unayapuliza nje. Isipowaka hakuna moshi, na maji yanajikusanya kwenye salensa. Piga stata kwa dakika nyingi, salensa inajaa, maji yanapanda kurudi kwenye manifodi, yanakuta valvu ya kutolea moshi ya silinda mojawapo iko wazi, yanaingia. Kutoka juu ya pistoni yanateremka polepole kupitia ringi hadi chini kwenye sampu. Halafu hewa inaisha kwenye mipira, injini inawaka, krenki inayapiga maji na oili pamoja kwa mapigo elfu na zaidi kwa dakika, na maziwa yako tayari.

Shemeji alikuwa na bahati kuliko anavyojua. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Silinda ikijaa maji halafu stata ikaisukuma pistoni juu, kinachopinda ni konrodi, na hapo hata bei ile ya kwanza ingeonekana zawadi.

Mzee alimpa maagizo bila kungoja sampuli yoyote. Maji baridi ya mtoni yanaweza kukusubiri kidogo, ya chumvi hayasubiri: beringi na kuta za silinda huanza kushika kutu ndani ya siku chache, wakati mwingine chini ya hapo. Funga bomba la bahari. Toa maji yaliyobaki kwenye salensa. Fungua nozeli zote, zungusha injini kwa mkono mpaka silinda zisiteme kitu. Mwaga oili, tupa filta, weka oili ya bei nafuu ya dizeli, rudisha nozeli, toa hewa, washa, na injini ikishawaka tu fungua bomba. Ipate moto sawasawa. Mwaga tena ingali ya moto. Rudia mpaka stiki itoke safi. "Mara tatu," alisema, "ukiona uvivu mara ya pili, mkumbuke huyo wa hedi." Na kabla hujamwaga, alimalizia, chota nusu lita kwenye chupa, mpe kondakta wa basi la Arusha.

Chupa ilifika Jumanne jioni. Basi lenyewe limepita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Moshi, likipandisha karibu na mto ambao maji yake yalikuwa yanateremka upande wa pili. Watu wengi wa Arusha hawalijui hili, au wanalijua na hawalifikirii: vijito vya mlima Meru, Themi, Nduruma, Usa na wenzao, vinaingia Kikuletwa. Kikuletwa inakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ndio Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mbele ya pale shemeji anapofunga boti. Oili ya Pangani ilikuwa imepanda kwetu, na maji yetu yalikuwa njiani kwenda kwake.

Tuliambiwa shuleni kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Ni kweli yakiachwa yatulie. Mfano mkubwa tunao hapa nchini: mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, miaka minane baadaye, wakakuta mitambo ya mvuke bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ilitulia, maji yakatulia, kila mmoja akakaa kwake. Ndani ya injini hakuna utulivu. Isitoshe, oili ya kisasa imewekewa sabuni ya kubeba masizi, na sabuni hiyo haichagui: inayashika matone ya maji vilevile na kuyaning'iniza. Ndiyo rangi ya maziwa, matone madogo yasiyohesabika yanayotawanya mwanga. Oili ya namna hiyo hailindi beringi, kwa sababu chuma kinachotegemea utando wa oili kinapata utando wenye matundu.

Kuna upande wa pili wa jambo hili unaowaponza wengi. Kama maji yameingia na injini haijawaka, hakuna wa kuyapiga. Yanazama chini ya oili kwa kuwa ni mazito kuliko oili, na stiki inaweza kutoka na oili safi ya kupendeza, ila imepanda juu ya alama. Mtu anafurahi oili imejaa. Ndiyo maana mafundi wazoefu, gari likiwa limelala usiku kucha, huilegeza nati ya sampu taratibu na kutazama matone ya mwanzo. Kama kuna maji, ndiyo yanayotangulia.

Mzee alitikisa chupa, akachovya bisibisi, akadondosha tone kwenye kipande cha bati alichokuwa amekipasha moto kwa gesi. Lililia, tssss, likarukaruka. Oili kavu kwenye chuma cha moto hutoa moshi kimyakimya. Yenye maji inalia, hata yakiwa sehemu chache tu katika elfu. Kisha akaichanganya ile iliyobaki na dizeli kidogo kuilegeza, akaiweka dirishani penye jua. Alhamisi chini ya chupa kulikuwa na kipande cha maji ya kahawia chenye unene wa kidole. Hayakuwa ya kijani wala ya waridi kama kulanti, wala hayakuwa na harufu yake tamutamu. Akayavuta kwa bomba la sindano, akayakausha kwenye kifuniko cha kopo. Ukabaki ukoko mweupe. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, haijifichi. Maabara ingesema jambo lilelile kwa sodiamu na magnesiamu, na ingetaja potasiamu au boroni kama kulanti ingehusika. Kopo lilitosha.

Nilimwuliza alijifunzia wapi habari za chumvi, yeye mtu wa mlimani. Akaonyesha meno yake, ya kahawia kama ya wengi waliokulia Usa River na Ngarenanyuki. "Sisi hatuhitaji kuambiwa maji yana kitu ndani yake."

Floraidi ya Meru, ndiyo iliyotia meno hayo rangi, inajulikana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na hapa kuna visima na chemchemi zinazozidi hiyo mara nyingi; Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichojikita katika kuichuja kwa makaa ya mifupa. Momella inahesabiwa kwa mamia ya miligramu. Na maziwa yale, ambayo Kiswahili kimeyapa jina moja na ya ng'ombe, yametofautiana rangi ilhali yako jirani, kwa kuwa kila moja linalishwa na mikondo yake ya chini kwa chini na kubeba madini yake. Mwongoza watalii atakuambia lipi ni lipi bila kusoma kibao. Mzee anafanya hivyohivyo na rejeta. Anaifungua asubuhi ikiwa baridi, anachovya kidole, anajua dereva alijaza kulanti au alichota mtoni. Ukoko wa magadi ndani ya mdomo wa rejeta kwake ni ushahidi: njia zimeziba, injini ilichemka, na hedi ya aluminiamu, ambayo haipatani na magadi, imeanza kulika.

Huku kwetu, tofauti na kwa shemeji, gasketi ya hedi kweli ni mshitakiwa wa mara kwa mara, na mwinuko unamchochea. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sufuria isiyo na kifuniko inachemka kwenye nyuzi kama 95. Ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, inachemka kwenye 92. Kinachozuia rejeta isichemke huko juu ni mfuniko wake, wenye springi na mpira, unaobana maji yasipate nafasi ya kuwa mvuke. Mpira huo ukichakaa, gari linapanda kutoka lango la Lodoare likichemka kwenye joto ambalo huko Pangani lisingemsumbua mtu. Mfuniko ni bei ya chakula cha mchana. Hedi si bei ya chakula cha mchana.

Lakini hata hapa si kila maziwa ni gasketi. Ukikuta oili kwenye rejeta, utando mweusi unaoelea, mtazame kwanza kipozeo cha oili: injini ikiwaka, oili ina msukumo mkubwa kuliko maji, kwa hiyo inavuka upande wa maji, ikizimwa, msukumo wa oili unakufa mara moja, wa rejeta unabaki kidogo, na maji yanarudisha ziara. Ukikuta maziwa kwenye difu, usiiguse injini kabisa. Ekseli ya moto imeingia mtoni ghafla, hewa ndani yake ikasinyaa, na kwa kuwa kipumulio kimezibwa na tope, ikavuta maji kupitia sili. Wavuvi wenye mashine za kuning'iniza nyuma ya boti wana ugonjwa huohuo kwenye gia za chini, na kwao chanzo mara nyingi ni uzi wa nailoni uliojizungusha kwenye shafti ya pangaboi ukaikata sili taratibu.

Na kuna maziwa ya uongo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 1.5, mwaka uliofuata, wa korona, wakashuka hadi kama 620,000, na nyua za Arusha zikajaa magari yaliyolala. Wenye nayo walikuwa wakiyawasha dakika tano kila wiki, "yasisahau". Katika baridi ya Juni na Julai hapa chini ya mlima, injini isiyopata moto inakusanya umande ndani, na chini ya mfuniko wa kujazia oili kunaota krimu nyeupe. Mzee anasema aliletewa magari ya namna hiyo yenye wenyewe wanaolia, na mojawapo lilikuwa limeshafunguliwa hedi bure na gereji nyingine. Stiki ilikuwa safi, rejeta imejaa. Krimu iko juu tu. Dawa yake ilikuwa kuliendesha mpaka Makuyuni na kurudi.

Sina ugomvi na mafundi wanaofungua haraka. Mteja amesimama kichwani, anataka kuona nati zinatoka, na fundi anayeuliza maswali matatu huku mikono iko mfukoni anaonekana hajui kazi. Kufungua kunalipwa, kuuliza hakulipwi. Mzee huyu hakumtoza shemeji chochote, nami sidhani kama hilo ni jambo la kusifia. Lita mbili za maji alizozihesabu zilikuwa na thamani kuliko hedi.

Alikuwa amebakiza shaka moja. Kipozeo cha oili cha boti, kama kinapozwa na maji ya bahari, nacho kinaweza kupitisha. Kwa hiyo shemeji aliagizwa aende baharini saa nzima na mzigo, arudi, angoje, achomoe stiki. Wiki mbili baadaye alituma picha: stiki juu ya kitambaa cheupe, oili nyeusi inayong'aa. Nilimwonyesha mzee. Akaitazama kwa miwani, akanirudishia simu. "Picha hailii kwenye bati. Mwambie adondoshe tone."

Lilidondoshwa. Halikulia.

Siku niliyopeleka habari hiyo, chalii mmoja wa gereji alikuwa anasafisha dirisha, akakuta ile chupa, akatoka nayo kuelekea mfereji wa barabarani. Mzee akampigia mluzi.

"Huo mfereji unaingia Themi."

"Kwani Themi inaenda wapi, mzee?"

Mzee akaninyooshea kidole. "Kwa shemeji yake."

Chalii akanitazama, akaitazama chupa, akaenda kuimimina kwenye pipa la oili chafu, ile ambayo wajenzi wa mabanda huja kuchukua wapake nguzo zisiliwe na mchwa.